Jinsia ya Perege na Faida ya Bwawa



Bwawa lililochanganywa perege madume na majike hujaa upesi, lakini hujaa samaki wadogo. Perege huanza kuzaa kabla ya kufikia uzito wa kuuzwa. Jike huatamia mayai kinywani na kuacha kula, na watoto nao hugombea chakula na wazazi wao. Dume hukua haraka zaidi. Ndiyo sababu wafugaji hutafuta vifaranga madume watupu.

Je, jinsia hiyo hutoka wapi? Ndani ya mwili wa samaki mna kromosomu zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Sato jike ana kromosomu mbili za X. Dume ana X na Y. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba jeni iitwayo amhy, iliyomo katika Y, ndiyo imwongozayo kifaranga kuwa dume. Kwa perege wa mto Wami mambo ni kinyume: dume ana Z mbili, na jike ana W na Z.

Tofauti hiyo ina manufaa makubwa. Mwaka 1960 C. F. Hickling alitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa Malacca. Madume wa jamii hiyo ya Wami, waliotoka Zanzibar, walizalishwa na majike wa perege wa Msumbiji, ambao jinsia yao hufuata X na Y kama sato. Watoto wote walikuwa madume, kwani baba hutoa Z tu na mama X tu, na apataye Z na X huwa dume. Wazazi walipobadilishana nafasi, walizaliwa pia majike, kiasi cha mmoja kwa kila wanne.

Hesabu hii hutimia iwapo mbegu ni safi. Wazazi wenye damu iliyochanganyika huirudisha hasara ile ile bwawani. Kwa hiyo yafaa kila Kamati inunuapo vifaranga iulize asili ya wazazi wao, na kama udume wao umetokana na uzao au na homoni iliyotiwa katika chakula. Katibu na aandike majibu hayo daftarini. Tena, vifaranga wageni wasiachiwe kamwe mtoni, maana huzaana na perege wa asili. Mbegu ya mito yetu ikipotea, hakuna duka liwezalo kutuuzia nyingine.