Mama fua haaminiki? Mimi pia nilidhani hivyo

Kama unaishi Nairobi, Kisumu au Nakuru, namba ya mama fua unayo kwenye simu. Pengine umeisevu "Mama Fua Jumamosi" na jina lake halisi hulijui. Nguo zikijaa beseni na sakafu ikianza kunata, unapiga. Asipopokea, unaandika kwenye kundi la WhatsApp la ploti, na kabla chai haijachemka umetumiwa namba tatu.

Mimi nilizoea maisha hayo. Halafu mwaka jana nikarudi nyumbani Magwagwa, huku Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, kukaa na nyanya yangu. Chuo niliachana nacho nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokatika. Siku hizi naandika kwa simu na laptopu, kwa hivyo bora bando iko, popote ni ofisi. Nyanya, au magokoro kama tunavyosema kwetu, amepita miaka sabini na magoti hayamruhusu tena kuinama. Nyumba ina vyumba vinne, jiko la kuni liko nje kando, na udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unaingia ndani na kila kiatu.

Najua unauliza: kwani wewe huna mikono? Ninayo. Kufagia, vyombo na kuchota maji ni kazi yangu. Lakini kuna vitu ambavyo nyanya hataki mjukuu wa kiume avishike, na nguo zake na matandiko yake ni kati ya hivyo. Nikasema hii ni rahisi. Natafuta mtu wa mara moja kwa wiki, afue, adeki, asugue zile sufuria zenye masizi, alipwe aende zake.

Ilinichukua miezi miwili kumpata. Kumpoteza kulinichukua siku nne.

Jumamosi sahau

Nilianza na kosa la mtu wa mjini: nilitaka Jumamosi. Mama wa duka alinitazama kama nimemtusi. Wasabato ni wengi sana Gusii, na jua likishatua Ijumaa kazi zote zinasimama mpaka Jumamosi jioni. Ijumaa yenyewe usijaribu. Siku hiyo kila mtu anasafisha kwake, anafua nguo za kanisa na kupika chakula cha kesho. Ni kama Nyamira nzima inadeki siku moja.

Sawa, basi katikati ya wiki? Hapo unakutana na majani chai. Huku wanawake wengi wana vichaka vyao vya chai, na wasio navyo huchumia wengine kwa malipo ya kilo. Majani hayangoji mtu. Raundi ya kuchuma ikifika, unachuma na kupeleka kituoni yakapimwe siku hiyo hiyo, la sivyo yanakomaa kichakani. Na kuchuma huanza asubuhi.

Sasa fikiria. Mvua zetu hupenda kunyesha mchana kuelekea jioni. Ukitaka nguo zikauke, lazima ziwe kambani mapema. Yaani saa zile zile ninazomhitaji mtu afue ndizo saa anazochuma chai. Nikitaka aje kwangu, lazima nilipe pesa ya kumfanya aache kikapu. Hakuna aliyenieleza hivyo mwanzoni. Wote walisema tu, "Tutaona." Na nikaona kweli, wiki baada ya wiki, hakuna aliyekuja.

Kumfulia mtoto wa fulani

Kuna jambo la tatu, na hili halisemwi kwa sauti. Mtaani Nairobi mama fua ni mgeni kwako. Anafua, unamlipa, mnaagana, hamjuani. Magwagwa hakuna mgeni. Kila mama niliyemuuliza alikuwa shangazi wa mtu, mke wa binamu ya baba, au mwalimu wangu wa Shule ya Sabato. Mmoja aliniambia wazi, "Mwanangu, nikisikika nafulia mtoto wa fulani kwa pesa, nitaongea nini kwa chama?"

Tena kuna chinsoni, ile heshima ya Abagusii kati ya vizazi viwili vinavyofuatana. Mama wa umri wa mama yako hafai kushika mambo yako ya chumbani, na wewe hufai kuyaona yake. Kwa hivyo ule mjadala wa mitandaoni, eti mama fua afue nguo za ndani au asifue, huku ulishaamuliwa kabla babu yangu hajazaliwa. Kila mtu afue zake.

Nyanya aliponiona nahangaika alicheka. Akanikumbusha kwamba zamani hawakuajiri. Kulikuwa na risaga, unaita majirani walime shamba lako na unawapa chakula na pombe. Kulikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha watu wanaozungukiana, leo kwangu, kesho kwako. Mwanamke akijifungua au akiugua, wenzake walimchotea maji na kumfulia bila kuulizwa. Hakuna aliyekuwa mfanyakazi wa mwenzake, maana zamu ingerudi.

Nikamwambia, "Magokoro, mimi nitawarudishia nini? Niwaandikie makala?"

Akasema, "Basi walipe. Lakini walipe kama mtu anayerudisha zamu."

Sikumwelewa siku hiyo.

Chai kwanza

Aliyenipatia mtu ni yeye. Mimi nilikuwa naulizia stejini kwa watu wa boda. Yeye alimwambia mwenzake mmoja wa kikundi cha maombi, na baada ya siku tatu akaja mama mmoja wa makamo. Jina lake nalibana.

Hakushika ufagio siku hiyo. Alikaa, akanywa chai, akaongea na nyanya kuhusu watoto na ng'ombe, kisha akazunguka nyumba akiitazama kazi. Alipomaliza ndipo akataja masharti. Jumanne. Sh500 na chakula cha mchana. Sabuni yangu. Maji yawe yameshajazwa kwenye mapipa. Akaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema ndiyo, mama.

Jumanne mbili za kwanza zilikuwa raha. Saa nne blanketi zilikuwa kambani, sakafu inang'aa, na nyanya amekaa kibarazani anapiga stori na mtu wa rika linalomwelewa. Nilianza kujisifu kwa marafiki zangu wa Nairobi.

Jumanne ya tatu nilikuwa Kisii mjini kwa shughuli zangu. Kabla ya kuondoka nilimwachia mapazia ya sebuleni yote pamoja na zulia, nikamwambia ni kidogo tu. Jioni akanipigia kuuliza pesa. Nilikuwa na Sh600 kwenye M-Pesa na nilitaka bando. Nikamjibu, "Mama, nitakutumia kesho." Kesho ikawa keshokutwa. Nilituma Jumamosi usiku, Sh500 zile zile, bila hata neno la pole.

Jumanne iliyofuata hakuja. Simu ikawa mteja hapatikani. Nikaguna, "Hawa watu hawaaminiki," nikarudi kwenye laptopu. Nyanya alingoja mpaka saa nne hivi, akachoka kungoja. Alichukua karai akaanza kufua shuka zake mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilisikia karai likianguka kabla sijamsikia yeye.

Aliteleza kwenye saruji yenye povu. Tulipanda boda tukiwa watatu, mimi nikimshikilia kutoka nyuma, mpaka hospitalini. Mkono haukuvunjika, namshukuru Mungu, lakini kifundo kilifura na alikaa na bendeji kwa wiki kadhaa. Mwanamke aliyelea watoto na wajukuu ikabidi alishwe ugali na mimi.

Nani hakuaminika?

Nilienda kwa yule mama Jumatano jioni nikiwa na hasira. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta akikamua ng'ombe, akaniambia nikae. Nikamweleza kuhusu nyanya. Aliacha kukamua, akashika kichwa, akauliza mara mbili kama mfupa uko sawa. Kisha akaniambia polepole:

"Mwanangu, kila Jumanne naacha majani yangu ndio nije kwenu. Ile Jumanne ya mapazia nilitoka kwenu saa kumi, sikuchuma hata kilo moja. Mtoto alitakiwa aende na pesa shuleni Jumatano. Sikuwa nazo. Ningekuja tena, ningemwambia nini?"

Nikauliza kwa nini hakunipigia kusema haji.

"Wewe ulinipigia kusema hulipi?"

Sikuwa na jibu. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Nilipoacha chuo, miezi ya kwanza kule Nairobi niliishi kwa kusafisha keja za watu upande wa Roysambu. Kijana wa kiume na ndoo, watu walikuwa wananicheka mlangoni. Kuna mteja mmoja nilimsafishia nyumba ya vyumba viwili baada ya pati, nikapangusa hadi matapishi, halafu akaniambia M-Pesa imegoma, angetuma usiku. Nilitembea kwa miguu mpaka nilikokuwa nalala. Hakuwahi kutuma. Niliapa kwamba nikipata pesa sitawahi kumfanyia mtu hivyo. Nilipata Sh600 tu na nikafanya.

Sheria inasema nini

Nilienda kusoma baadaye. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku. Si kesho. Na ukimtumia kibarua mfululizo kwa siku za kazi zinazofika mwezi mzima, sheria haimhesabu tena kuwa wa siku, anapata haki za mfanyakazi wa kawaida. Kwa hivyo wewe unayemwita "wa siku moja moja" na yuko kwako kila asubuhi, jua unajidanganya.

Agizo la mishahara lililoanza Novemba 1, 2024 liliongeza kima cha chini kwa asilimia 6. Kwa mtu wa usafi au kazi za nyumbani, kima hicho kikawa takriban Sh16,100 kwa mwezi Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na takriban Sh8,600 kwa maeneo ya mashambani kama kwetu, kabla ya marupurupu ya nyumba. Mtu wa siku anastahili zaidi ya kugawanya hizo kwa siku za mwezi, maana kesho yake hana uhakika. Kwa hivyo ukimpa mama Sh300 pale Kasarani kwa nguo za wiki tatu, choo na jikoni, usijiite mjanja.

Ukitaka mtu wa kudumu

Haya ndiyo niliyojifunza, na yanafaa mjini kama yanavyofaa kijijini.

Uliza kupitia wanawake anaokaa nao: chama, kanisa, mama mboga, mama wa kioski. Anayekuletea mtu anaweka jina lake hapo, na yeye ndiye dhamana yako.

Onyesha kazi kabla ya bei. Tembeeni nyumba yote. Nguo za watu wangapi? Blanketi zipo? Kupiga pasi kumo ndani? Bei ya "kila kitu" ndiyo mwanzo wa ugomvi.

Ukiongeza kazi, ongeza pesa. Hakuna pazia la "kidogo tu".

Andaa maji, sabuni na chakula. Mtu hawezi kudeki na njaa.

Pesa na vitu vya thamani funga mwenyewe kabla hajafika. Hii si kumshuku. Ni kumwepusha na kesi siku utakaposahau ulikoweka saa yako.

Ukighairi, mwambie jana yake. Ukighairi asubuhi akiwa njiani, mpe nauli na kitu juu yake.

Na mlipe kabla hajaondoka. Kama huna pesa leo, basi leo huna kazi ya kumpa mtu.

Yule mama alirudi. Nililipia siku ile ya mapazia inavyostahili, nikaongeza mpaka Sh700 kwa wiki, na akanipa sharti jipya: pesa iingie kwa simu yake kabla hajanawa mikono. Mara ya kwanza niliona ni kama hanikubali bado, na pengine ni kweli. Sikulalamika. Raundi ya chai ikiangukia Jumanne ananiambia mapema, tunahamia Jumatano.

Nyanya bendeji imetoka, ingawa mkono ule haukazi kamba ya ndoo kama zamani. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Jana aliniuliza kama mapipa yamejaa. Yamejaa. Kesho ni Jumanne, na Sh700 ziko pembeni tangu juzi. Bando nitanunua zikibaki.