Kuchagua Diski Mpya ya Almasi kwa Msumeno wa Kukatia Vito

Diski ya almasi haina meno. Ukingo wake umebeba chembe ndogo za almasi zilizoshikwa ndani ya metali, na kila chembe inapopita hukwangua jiwe kidogo, mpaka mkato unatokea upande wa pili. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ina 10, rubi na safaya 9, akiki takriban 7, na zoisaiti, ambayo tanzanaiti ni aina yake, kati ya 6 na 7. Kwa hiyo karibu kila diski ya almasi inayouzwa itakata karibu kila jiwe linalofika karakanani. Kinachotofautiana ni muda itakaotumia, kiasi cha jiwe itakachogeuza tope, na siku itakazodumu.

Uchunguzi huanza na diski ya zamani. Iliyokwisha kihalali huwa imelika ukingo wake sawasawa pande zote, hadi chuma cha katikati kinakaribia kugusa jiwe. Hiyo imemaliza kazi yake, na nyingine ya aina ileile inafaa. Lakini diski nyingi hutupwa zikiwa bado na almasi tele. Ukingo ukiwa umeng'aa na kuwa laini, chembe za juu zimebutuka na metali imekataa kuziachia. Diski ikiwa imepinda au inayumba inapozunguka, jiwe halikubanwa sawasawa, au lilisukumwa kwa nguvu, au beringi za shafti zimechoka. Chuma kikiwa kimelika chini kidogo ya ukingo, tope la mawe liliachwa likazunguka na diski siku nyingi bila kipozeo kubadilishwa. Mashine iliyoiua diski ya kwanza itaiua na ya pili, hata iwe ya bei mara tatu. Shafti inayocheza itengenezwe kwanza. Fedha ya diski ije baadaye.

Vipimo vya mashine havina mjadala. Kipenyo hakizidi kile ambacho msumeno ulitengenezewa, kwa kuwa kifuniko cha usalama na beseni la kipozeo vimepangwa kwa kipenyo hicho. Kina cha mkato nacho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: diski ya inchi 10, yaani milimita 254, iliyobanwa kwa flenji za inchi 3, haiwezi kuzidi inchi 3.5, na unene wa meza hupunguza tena. Tundu la katikati lazima likae barabara kwenye shafti. Tundu likiwa kubwa hutiwa bushi ya kiwandani. Kulijaza kwa utepe au waya ni kuifanya diski izunguke nje ya katikati, na upande mmoja wa ukingo utafanya kazi yote. Flenji mbili ziwe za ukubwa sawa, safi, bila kutu wala chembe ya mchanga.

Mwendo huhesabiwa kwenye ukingo, kwa kuzidisha kipenyo kwa 3.14 na idadi ya mizunguko. Anayetoka inchi 8 kwenda inchi 10 kwenye shafti ileile ameongeza mwendo wa ukingo kwa robo nzima bila kugusa puli. Mizunguko ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye diski haipitwi kwa sababu yoyote. Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Misumeno mingi ya Kimarekani ina mota ya umeme wa hezi 60 inayozunguka takriban mara 1,725 kwa dakika. Kwa hezi 50 za hapa mota hiyohiyo huzunguka takriban mara 1,440. Transfoma hubadilisha volti tu, haigusi hezi. Anayefuata jedwali la mtengenezaji bila kulijua hilo ananunua diski kwa mwendo ambao mashine yake haina.

Kiini cha uchaguzi ni metali inayoshika almasi, na hapa kanuni inaonekana kama imepinduliwa: jiwe gumu hutaka metali laini, na jiwe laini lenye kukwaruza hutaka metali ngumu. Sababu yake ni hii. Chembe ya almasi ikikutana na jiwe gumu hubutuka upesi. Metali laini hulika, huiachia, na chembe mpya yenye makali hujitokeza nyuma yake. Metali ngumu ingeendelea kuikumbatia chembe iliyokufa, na diski ingesugua bila kukata. Kwa mawe ya mchanga hali ni kinyume, maana unga wake huila metali haraka na kumwaga almasi ambazo bado ni nzima. Mwendo nao huingia humu: diski inayozunguka polepole hulika upesi, kama vile metali yake imelainika, na inayozunguka kasi huelekea kung'aa. Ndiyo maana diski moja inaweza kusifiwa katika karakana moja na kulaaniwa katika nyingine, na mafundi wote wawili wakawa wanasema kweli.

Rubi ya Longido ndani ya zoisaiti yake ya kijani ndiyo mtihani mgumu. Katika kipande kimoja diski hupita kwenye ugumu wa 6 na kitu, kisha ghafla hugonga 9, kisha hurudi. Diski nyembamba hukwepa rubi na kupindia upande laini. Jiwe la namna hiyo linataka diski yenye kiini kinene kidogo, metali laini, mwendo wa chini na mkono usio na haraka. Duka linalouza diski bila kuweza kueleza imekusudiwa mawe gani halifai kuaminiwa kwa kazi kama hii.

Kwa namna ya kutengenezwa, diski za vito ni za makundi matatu. Ya kwanza ina ukingo wa unga wa metali na almasi uliokandamizwa na kuokwa kwa joto kali. Almasi zimo katika kina chote cha ukingo, hivyo hudumu zaidi na hugharimu zaidi. Ya pili ni chuma kilichochanjwa chanjo ndogo ukingoni, unga wa almasi ukatiwa humo na chanjo zikafungwa kwa kugandamizwa. Hukata vizuri kwa bei nafuu, ila haivumilii mikono mizito. Ya tatu imepakwa tabaka moja la almasi kwa nikeli. Huanza kwa makali ya ajabu, na tabaka hilo likiondoka hakuna lingine chini yake. Diski ya vigae kutoka duka la vifaa vya ujenzi huwajaribu wengi kwa sababu ya bei. Ile yenye ukingo usiokatika inaweza kupasua akiki ya kawaida kwa maji, lakini mkato wake ni mpana, na metali yake ilichaguliwa kwa ajili ya vigae. Ile yenye ukingo uliogawanyika vipande ni ya zege, na kwenye kito huacha kingo zilizomeguka.

Namba ya wingi wa almasi huwapotosha wanunuzi. Mia moja katika lugha ya viwanda haina maana ya asilimia mia. Ni karati 4.4 za almasi katika kila sentimita moja ya ujazo ya ukingo, yaani robo tu ya ujazo huo. Hamsini ni nusu yake. Almasi nyingi zaidi huongeza maisha ya diski, ila kwa mawe magumu sana mzigo hugawanywa kwa chembe nyingi mno na kila moja hukosa nguvu ya kupenya. Namba kubwa si ubora peke yake.

Unene ndio unaogusa mfuko moja kwa moja. Chukua tanzanaiti ghafi ya Mererani ambayo uso wa mkato wake ni sentimita moja kwa sentimita moja. Uzito wake ni gramu 3.35 kwa sentimita moja ya ujazo, na karati moja ni gramu 0.2. Mkato wa milimita 1.6 hugeuza tope karati 2.7, mkato wa milimita 0.3 hupoteza nusu karati. Zaidi ya karati mbili zimeokolewa katika mkato mmoja, na kwa jiwe lenye rangi nzuri hizo zinashinda bei ya diski yenyewe. Kutumia diski nene kwa jiwe la namna hiyo ni hasara inayouma, maana halipatikani kwingine duniani. Lakini diski nyembamba hupinda kwa kusukumwa kidogo upande. Kwa bonge la akiki la kilo kadhaa unene wa milimita 1.6 au 2 ndio sahihi, na kinachopotea hapo ni kidogo kuliko gharama ya kuharibu diski.

Kipozeo hufuata mashine na jiwe. Misumeno mikubwa hutumia mafuta ya madini yaliyosafishwa. Dizeli na mafuta ya taa yaepukwe, kwa moto na kwa mvuke wake. Misumeno midogo hutumia maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na diski isiachwe imelowa ndani yake usiku. Tanzanaiti hupasuka kwa joto la ghafla na ina upande mmoja inakochanika kwa urahisi, hivyo kipozeo kikikatika hata kidogo kazi isimamishwe. Mawe yenye silika yasikatwe makavu kamwe: vumbi lake huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiotibika.

Diski mpya hufungwa kwa kufuata mshale wake, kwa sababu metali hubaki na mkia mdogo nyuma ya kila chembe unaoiegemeza upande mmoja tu. Kabla ya kuwasha, huzungushwa kwa mkono karibu na ncha ya kalamu ili kuona kama inayumba. Mikato ya kwanza hufanywa kwenye tofali laini la mchanga au kipande cha zamani cha jiwe la kunolea, na dawa hiyohiyo huiamsha diski iliyong'aa kabla haijahukumiwa kuwa imekufa. Kwa karakana yenye msumeno mmoja na mawe ya kila namna, diski mbili za bei ya kati, moja nene ya mabonge na moja nyembamba ya vito ghafi, ni bora kuliko moja ya bei ya juu inayolazimishwa kufanya yote.