Uzamivu Ukifika Kata

Andiko la utafiti wa shahada ya uzamivu huwa limepangika vizuri: maswali ya utafiti, ratiba ya miaka mitatu, idadi ya kaya zitakazohojiwa, tarehe ya kukabidhi tasnifu. Kamati hulisoma, hulirekebisha, hulipitisha. Mwanafunzi hufunga safari kwenda wilayani, na huko ndiko anakojifunza kwamba mipango si matumizi. Katika fani ya ustawi wa jamii, pengo hilo kati ya andiko na kata ndilo lenye elimu kubwa zaidi. Kwa bahati mbaya, ndilo pia linalofutwa haraka zaidi wakati wa kuandika tasnifu.

Tanzania haikuanza jana kufundisha ustawi wa jamii. Sheria ya Bunge Na. 26 ya 1973 ilianzisha chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Ukimwi ulipoacha mayatima wengi, taasisi hiyo ilishirikiana na Jane Addams College of Social Work ya Chicago kuwafunza wasaidizi wa ustawi wa jamii wa ngazi ya kijiji. Mwaka 2011 ukaja mradi wa PROSOWO, uliowakutanisha wanataaluma wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda na wenzao wa Austria. Kila mradi uliibua hitaji lilelile. Msaidizi wa kijijini anahitaji mkufunzi, mkufunzi anahitaji mtaala, na mtaala unahitaji maarifa yaliyochimbwa hapahapa. Uzamivu ndio ngazi ya kuyachimba.

Njia ya kuyafikia maarifa hayo hupitia ofisi nyingi. Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Safari hiyo hula muda, lakini athari yake kubwa iko kwingine: mtafiti hufika nyumbani kwa watu akiwa ameongozana na serikali. Mama anayehojiwa anaukumbuka mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, ambamo mkutano wa kijiji hutaja kaya maskini kisha dodoso huzichuja. Leo kaja mgeni mwingine mwenye dodoso, anauliza idadi ya mbuzi na aina ya paa. Mama ana haki ya kuamini kwamba orodha mpya inaandaliwa, na mbuzi waliopelekwa kwa shemeji hawatajwi.

Mtafiti anayelitazama dodoso peke yake ataandika kwamba kaya haina mifugo. Anayekaa, akarudi siku nyingine bila mtendaji, akasaidia kumenya mihogo, ataanza kuona jinsi misaada ilivyowafundisha watu namna ya kuueleza umaskini wao. Jambo hilo halikuwamo kwenye andiko, na lina uzito wa kubeba tasnifu nzima.

Liko zito zaidi. Fomu ya ridhaa huahidi siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Tuseme binti wa miaka 13, katikati ya mazungumzo, anaeleza anavyopigwa na mlezi wake. Anayemsikiliza ni afisa ustawi wa jamii aliyekwenda masomoni, mtu aliyezoea kuandika taarifa za uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama ya watoto. Hawezi kuzima kinasa sauti na kujiambia kwamba yeye sasa ni mwanafunzi tu.

Jibu la mtihani huo huandaliwa kabla ya usaili wa kwanza. Mtoto na mlezi waambiwe mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba siri ina mpaka. Ijulikane ni nani katika halmashauri atakayelipokea shauri, na mtoto atalala wapi usiku huo iwapo nyumbani si salama. Kisha mtafiti afuatilie, hata kama ratiba yake ilisema wiki hiyo ni ya kuchambua data. Siku za namna hiyo ni utafiti wenyewe. Msimamizi anayeziita usumbufu hajaielewa fani anayoisimamia.

Halmashauri nazo zina wajibu. Afisa anapopewa ruhusa ya masomo bila mtu wa kushika nafasi yake, gharama ya uzamivu hulipwa na mzee anayesubiri barua ya msamaha wa matibabu na mtoto ambaye shauri lake limesimama. Anaponyimwa ruhusa, huandika tasnifu usiku baada ya kazi, na miaka mitatu ya kwenye andiko hurefuka bila mtu kuuliza sababu. Kumsomesha mtumishi bila kupanga nani atabaki na kazi yake ni kupanga nusu.

Ningependa tasnifu ya ustawi wa jamii iwe na sura inayoeleza kwa ukweli jinsi mpango ulivyobadilika uwandani na kwa nini. Msimamizi afike katani walau mara moja, aione njia aliyomtuma mwanafunzi wake. Bajeti itenge fedha za kurudisha matokeo kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, kabla ya mtihani wa mwisho, wakati bado kuna nafasi ya kusahihisha. Mtendaji aliyegonga muhuri kwenye kibali na mama aliyejibu maswali wana haki ya kusikia kilichoandikwa juu yao na kukipinga. Mzee akisimama mkutanoni na kusema, “Hapo umetuelewa vibaya,” mwanafunzi amepata mtahini ambaye chuo hakina, na hoja yake inastahili kujibiwa kwa maandishi kama ya profesa yeyote.