Swichi ya Pampu ya Maji: Kontakti Zake Hudumu Muda Gani?



Miongoni mwa habari zinazozifikia familia zetu kwa simu kutoka nyumbani, habari ya pampu ya maji haikosi. Maji hayapandi, fundi ameitwa, naye ametoa hukumu kwamba pampu imekufa. Kwa hiyo fedha za pampu mpya zinahitajika upesi. Aliyeko ughaibuni hujikusuru akazituma, na pengine baada ya mwaka mmoja habari ileile hurudi tena. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba baadhi ya pampu zinazohukumiwa kufa huwa hazina ugonjwa wowote. Kilichokwisha ni vijisahani vichache vya madini ya fedha, vyenye ukubwa wa punje ya dengu, vilivyomo ndani ya swichi ya presha. Bei ya swichi hiyo ni sehemu ndogo tu ya bei ya pampu, na ajuaye sababu ya kuchakaa kwake aweza kuurefusha umri wake kwa miaka.

SWICHI YENYEWE NA KAZI YAKE

Swichi ya presha ni kile kijisanduku kilichofungwa kwenye bomba karibu na pampu, ambacho nyaya za umeme huingia ndani yake. Wauzaji wa hapa Ubelgiji wanaozungumza Kifaransa hukiita pressostat, na wale wa Kiholanzi hukiita drukschakelaar. Chini yake mna utando wa mpira unaosukumwa na maji. Juu ya utando mna springi. Na juu ya springi mna kontakti, yaani zile sehemu zinazogusana ili umeme upite na kuachana ili umeme ukatike.

Koki inapofunguliwa presha hushuka, na ikifika kiwango cha chini kontakti hugusana, pampu ikaanza. Koki ikifungwa presha hupanda hadi kiwango cha juu, kontakti huachana, pampu ikanyamaza. Swichi nyingi za majumbani hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuanzisha pampu kwenye bar 1.4 na kuizima kwenye bar 2.8.

KINACHOZILA KONTAKTI

Springi na bawaba za swichi hustahimili kazi nyingi kuliko kontakti zenyewe. Ndiyo maana watengenezaji hutofautisha umri wa aina mbili, yaani umri wa mitambo na umri wa umeme, na huu wa pili ndio mfupi. Kinachozila kontakti ni cheche. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka hudai umeme mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikiwa kazini. Pampu itumiayo ampea 6 yaweza kudai ampea 30 hata 40 kwa muda mfupi sana. Wakati huohuo kontakti zinapogongana hudundadunda kidogo kama mpira uliodondoshwa sakafuni, na katika kila mdundo cheche huruka na kuyeyusha chembe ya madini. Zinapoachana, umeme wa mota haukubali kukatika mara moja. Huruka pengo kwa mwale wenye joto la maelfu ya nyuzi, ukaondoka na chembe nyingine.

Fedha hutumika kwa sababu ndiyo madini yapitishayo umeme vizuri kuliko yote, nayo huchanganywa na vitu vingine, kama vile nikeli, ili isishikane upesi inapoyeyuka. Weusi mwembamba juu yake usimshtue mtu. Hatari imo katika mambo mawili. La kwanza, fedha ikiisha, kontakti hazipitishi umeme vyema: pampu huanza kwa kusitasita, swichi hupata joto, na plastiki yake huungua. La pili ni baya zaidi, nalo ni kontakti kuyeyuka zikashikana moja kwa moja. Hapo pampu haizimiki tena. Presha hupanda hadi kikomo cha uwezo wa pampu, viungo vya mabomba huvuja, na maji yaliyofungiwa ndani ya pampu hupata moto. Na kama kisima kimekauka, mota huzunguka bila maji hadi ikaharibika. Ndipo swichi ya bei ndogo inapoiua kweli pampu ya bei kubwa.

HESABU YA UMRI

Umri wa kontakti haupimwi kwa miaka. Hupimwa kwa idadi ya mara ambazo pampu imewaka na kuzimika. Tuchukue, kwa mfano, swichi iliyokadiriwa kustahimili mara 100,000, na familia ya watu sita inayotumia lita 600 za maji kwa siku. Kando ya pampu huwa pana tangi dogo la presha, lenye mfuko wa mpira ndani yake na hewa inayouzunguka. Tangi hilo ndilo linalotoa maji ya kwanza kabla pampu haijaamshwa.

Tangi la lita 24, hewa yake ikiwa sawa, hutoa kiasi cha lita 8 kati ya kiwango cha juu na cha chini. Lita 600 zikigawanywa kwa 8, pampu itaanza mara 75 kwa siku, na kontakti zitadumu siku 1,333, yaani miaka mitatu na nusu na ushei. Tangi likiwa la lita 60 litatoa kiasi cha lita 20. Pampu itaanza mara 30, na kontakti zitafika miaka tisa. Lakini mfuko ukipasuka, au hewa ikatoroka, tangi likabaki kutoa nusu lita tu, pampu itaanza mara 1,200 kwa siku. Umri wa kontakti zilezile utakuwa siku 83, ambazo hazifiki hata miezi mitatu.

Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini funzo lake liko wazi. Swichi inayokufa kila mwaka yaweza kuwa inalipia maradhi ya tangi, na anayebadilisha swichi bila kulitazama tangi atarudi dukani tena. Uvujaji nao una sehemu yake: choo kinachopoteza lita 10 kwa saa huiamsha pampu hiyo ya kwanza mara 30 kwa siku, hata nyumba ikiwa tupu.

HAPA BRUSSELS

Huenda mtu akadhani kwamba jambo hili halimhusu, kwa kuwa maji ya mjini yanayoletwa na shirika la Vivaqua hufika yakiwa na presha yake. Hata hivyo nyumba nyingi za zamani za mjini humu zina birika la maji ya mvua chini ya ua. Tena kanuni za ujenzi za Mkoa wa Brussels zilizoanza kutumika Januari 2007 ziliagiza nyumba mpya ya familia moja iwekewe birika lisilopungua lita 33 kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita za mraba 60 ladai basi karibu lita 2,000. Maji hayo hupelekwa vyooni, kwenye mashine ya kufulia na bustanini kwa pampu iliyowekwa chini ya nyumba; na pampu hiyo, pamoja na tangi na swichi yake, ndiyo iitwayo groupe hydrophore. Maji hayo hayanywi, wala mabomba yake hayaruhusiwi kuungana na mabomba ya maji ya mjini.

Unyevu wa chini ya nyumba huleta kutu ndani ya swichi. Tope la birika nalo huziba kijitundu kinachopeleka maji kwenye utando, swichi ikahisi presha kwa kuchelewa au ikatetemeka, na kontakti zikagongana mfululizo. Anayeishi katika jengo la ghorofa ambalo pampu yake ni ya wote, na akasikia inawaka na kuzimika usiku kucha, na amwarifu msimamizi wa jengo, yaani syndic. Mpangaji naye asifungue kijisanduku kwa mkono wake. Amwandikie mwenye nyumba.

KULE NYUMBANI

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya ni wa volti 240, lakini mwisho wa laini ndefu, saa za jioni, hushuka chini ya hapo. Mota isiyopata volti za kutosha hukawia kushika mwendo, na muda huo wote hudai umeme mwingi kupitia kontakti. Hewa ya pwani huleta chumvi. Na yuko adui mdogo ambaye mafundi wengi wanamjua: sisimizi. Huingia katika kijisanduku kwa ajili ya joto na makazi, wakabanwa kati ya kontakti, na umeme usipite. Fundi asiyefungua kifuniko husema pampu imekufa.

Wanaofunga pampu za jua wana jambo lao la kuzingatia. Umeme wa kawaida hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na mwale wa cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli haupiti kwenye sifuri, kwa hiyo mwale huendelea kuwaka na kuzila kontakti haraka. Swichi isiyoandikwa kwamba imetengenezwa kwa umeme huo isitumiwe kuukata.

Wazee waliojenga tangi juu ya paa hawakukosea. Pampu inayojaza tangi la lita 1,000 huanza mara moja au mbili kwa siku, na maji hushuka yenyewe hata umeme ukikatika kwa saa kadhaa. Watu wa Unguja wanakumbuka kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara. Nyumba iliyotegemea pampu peke yake iliujua uzito wa kubeba ndoo.

LA KUFANYA

Kwanza, hesabuni. Fungeni koki zote na msikilize kwa saa nzima. Pampu ikianza, pana mahali panapovuja; tieni rangi ya chakula katika tangi la choo, na rangi ikionekana bakulini bila kuvuta maji, mwizi amepatikana.

Pili, tazameni tangi. Bonyezeni kidogo vali ya hewa. Maji yakitoka hapo, mfuko umepasuka. Ikitoka hewa, zimeni umeme, mwageni maji yote, kisha jazeni hewa kwa pampu ya tairi hadi bar 0.2 chini ya kiwango cha kuanzia. Ikiwa pampu huanza kwenye bar 1.4, hewa iwe bar 1.2.

Tatu, kontakti zisisuguliwe kwa msasa wala tupa. Msasa huondoa fedha iliyobaki na kuacha mikwaruzo inayoongeza cheche. Swichi iliyochakaa na ibadilishwe.

Nne, kwa pampu kubwa mwombeni fundi afunge kontakta, ili swichi ya presha ibebe umeme mdogo wa kutoa amri tu, na mzigo mzito ubebwe na kifaa kilichoundwa kwa kazi hiyo.

Tano, asiguse mtu yeyote kijisanduku kabla ya kukata umeme kwenye ubao mkuu na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umekatika kweli.

Na kabla ya kutuma fedha za pampu mpya, muulizeni fundi mambo matatu: je, amefungua kifuniko cha swichi? Amepima hewa ya tangi? Pampu huanza inapounganishwa na umeme bila kupitia swichi, naye akiwa amesimama kando yake? Akijibu ndiyo kwa la tatu, pampu i hai, na kinachohitajika ni swichi. Mwenye jamaa aliye na nyumba yenye pampu na atoe nakala ya ukurasa huu ampelekee.