Muamala Ukikatika Katikati

Chukua duka la vifaa vya ujenzi la Mbagala linalopokea malipo kwa simu. Mteja kashaweka namba ya siri, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi dukani. Fedha zimekatwa au hazijakatwa? Programu iliyoandikwa kwa pupa huona kimya ikadhani ombi limeshindikana, ikatuma jingine, na mteja akakatwa mara mbili.

Hakuna fremuweki, yaani kiunzi cha programu kilichoandikwa tayari, itakayokutibia ugonjwa huo. Kila ombi lipewe namba ya kumbukumbu kabla halijatumwa. Likirudiwa, lirudiwe kwa namba ileile, na pakiwa kimya programu iulize kwanza hali ya muamala. Wengi huishia kuandika msimbo unaoangalia kama namba ipo, kisha unaiingiza. Haitoshi. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yanaweza kuambiwa namba haipo. Hifadhidata yenyewe ndiyo iamriwe kukataa namba iliyokwisha kuingia. Hapa ndipo mwandishi wa programu anapotakiwa kuzama: ajue rekodi hufungwaje isiguswe na wawili, na nini hubaki umeme ukikatika. Kwa Dar es Salaam, umeme kukatika si mfano wa darasani.

Lakini kaa na vijana wa Kijitonyama, kule ilipo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, usikie wanachoshindania: majina ya fremuweki. AngularJS ya Google ilitoka 2010. Mwaka 2016 ikaja Angular nyingine isiyopatana nayo, na mwishoni mwa 2021 ile ya kwanza ikaacha kuhudumiwa. SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, ni ya miaka ya 1970, na bado ipo kazini.

Si vitu vikongwe tu vinavyostahili kusomwa kwa undani. Wateja wa Tandale na Tandika wakiwa kwenye USSD, ile menyu ya kupiga *150*00#, basi ijue: ujumbe hauzidi herufi 182, na mawasiliano yakikatika yamekwisha, tofauti na SMS inayosubiri simu iwashwe. Menyu ya hatua saba ni kazi ya mtu asiyeijua.

Fremuweki nayo isomwe, kwa kiasi cha kumaliza kazi iliyopo mezani na kuelewa inalalamikia nini ikigoma. Ningeongeza sehemu moja tu: namna inavyozungumza na hifadhidata, maana nyingine hutuma maswali mia kimyakimya pale ambapo moja lingetosha.