Kuongeza Kasi ya Prosesa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wananchi wa Kibaha na Kisarawe

Kompyuta ya mezani katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, haina kazi moja. Mchana hutumika kuandaa kazi za shule, kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu na kutafuta ajira. Jioni vijana huitumia kwa michezo ya kompyuta. Mchezo mpya unapokwama, wengi wao huvutiwa na njia inayosifiwa na mafundi na wachezaji: kuilazimisha prosesa ifanye kazi kwa kasi kuliko iliyopangwa kiwandani. Njia hiyo ipo na inafanya kazi, lakini ina masharti ambayo mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya kuhatarisha kifaa kilichonunuliwa kwa fedha ya familia.

Prosesa ni kifaa kinachotekeleza maagizo yote ya kompyuta, na kasi yake hupimwa kwa gigahezi. Kasi hiyo hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, ambayo katika kompyuta nyingi za sasa ni megahezi 100, kwa namba maalumu. Namba hiyo ikiwa 36, prosesa hufanya kazi kwa gigahezi 3.6; ikipandishwa hadi 42, kasi huwa gigahezi 4.2. Mabadiliko hayo hufanyika katika mipangilio ya BIOS, inayofunguliwa kompyuta inapowashwa.

Utaratibu huu si mgeni. Mwaka 1998 prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, iliyouzwa kwa kasi ya megahezi 300, ilipata umaarufu duniani kwa sababu nyingi kati ya hizo ziliweza kufikia megahezi 450 kwa kupandisha mapigo ya msingi kutoka 66 hadi 100. Katika miaka hiyo hiyo walijitokeza wafanyabiashara wasio waaminifu waliobandika alama za kasi kubwa juu ya prosesa za kasi ndogo na kuziuza kwa bei ya juu. Udanganyifu huo ni miongoni mwa sababu zilizowafanya watengenezaji kuifunga namba ya kuzidishia.

Kutokana na hali hiyo, si kila kompyuta inaweza kuongezewa kasi. Kwa prosesa za kawaida za Intel, zilizoachwa wazi ni hasa zile ambazo jina lake huishia na herufi K, nazo huhitaji ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, wa kundi la Z. Kwa upande wa AMD, prosesa nyingi za Ryzen ziko wazi, mradi ubao mkuu uwe wa kundi la B au X. Kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, ambazo wananchi wengi hununua kwa kuwa bei yake ni nafuu, kwa kawaida haziruhusu mabadiliko haya. Mteja anayeahidiwa na fundi kuwa kompyuta ya aina hiyo itaongezewa kasi kwa malipo anapaswa kwanza kusoma jina kamili la prosesa na la ubao mkuu.

Sharti la pili ni joto. Kadiri kasi inavyopanda, prosesa huhitaji volti zaidi ili isiyumbe, na matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa ongezeko la volti. Kwa mfano, kupandisha kasi kutoka gigahezi 3.6 hadi 4.2 ni ongezeko la asilimia 17. Iwapo volti nayo itapandishwa kutoka 1.20 hadi 1.35, matumizi ya umeme huongezeka kwa takribani asilimia 48. Prosesa iliyokuwa ikitumia wati 65 hufikia wati 96, na umeme huo wote hugeuka joto.

Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Chumba chenye nyuzi joto 32, hali ya kawaida ukanda wa Pwani katika miezi ya joto, huifanya prosesa iwe na joto zaidi kwa takribani nyuzi 12 kuliko ingekuwa katika chumba cha nyuzi 20. Maelekezo mengi ya kuongeza kasi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, hivyo vipimo vyao havifai kuchukuliwa jinsi vilivyo. Prosesa nyingi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na hapo faida yote hupotea.

Madhara mengine huchelewa kuonekana. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilieleza kuwa baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba kwa sababu ya volti iliyozidi, ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Hata hivyo, marekebisho hayo hayakuweza kuziponya prosesa zilizokwisha kuathirika. Ikiwa volti iliyopita kiasi huharibu prosesa zilizo katika mipangilio ya kawaida, anayeipandisha kwa mkono wake ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu, kwani kwa kawaida uharibifu wa namna hiyo hauhusiki na dhamana ya mtengenezaji.

Gharama ya umeme nayo ihesabiwe. Wati 31 za ziada kwa saa tano kila siku ni karibu uniti tano kwa mwezi. Kwa kibanda cha michezo chenye kompyuta 10 zinazofanya kazi saa 12 kwa siku, ongezeko hilo hufikia uniti 111 kwa mwezi.

Kabla ya yote, mwananchi anashauriwa kujiridhisha kama tatizo ni prosesa. Jaribio lake ni rahisi: apunguze ukubwa wa picha katika mchezo kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Mchezo ukiwa mwepesi ghafla, kinacholemewa ni kadi ya picha, na kuongeza kasi ya prosesa hakutasaidia. Usipobadilika, huenda prosesa ndiyo inayochelewesha. Hata hapo, kusafisha vumbi, kubadilisha dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, na kuongeza kumbukumbu ya RAM ni hatua zenye hatari ndogo zaidi.

Anayeamua kuendelea ahifadhi kwanza nakala ya nyaraka zake nje ya kompyuta hiyo. Apandishe kasi kwa megahezi 100 kila mara bila kugusa volti, aijaribu kompyuta kwa kazi nzito kwa muda usiopungua saa moja, na asimame joto likivuka nyuzi 85. Kompyuta ikizima au kujiwasha upya, arudishe mipangilio ya kiwandani. Programu ya BIOS isisasishwe umeme unapokuwa si wa uhakika, kwa kuwa ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mkuu unaweza usiwake tena.

Kwa wanaonunua, inashauriwa kuiwasha kompyuta dukani, kulinganisha jina la prosesa linaloonekana kwenye skrini na lile aliloelezwa na muuzaji, na kudai risiti ya EFD. Risiti hiyo ndiyo itakayomsaidia mnunuzi kuthibitisha madai yake iwapo kifaa kitabainika kuwa si kile alichouziwa.