Mabaharia wa Chombo Kimoja

Mwezi Januari, mwaka 1499, Wareno waliichoma moto merikebu yao wenyewe, São Rafael, kwenye mafungu ya Mtang'ata, karibu na hapa Tongoni. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi mno, hata waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Mbao zilikuwapo, matanga yalikuwapo. Waliokosekana ni watu.

Mvuvi wa Tongoni hahitaji kuelezwa jambo hilo. Kusi ikikaza, baharia wa ngalawa hutoka nje akakalia mti wa tengo ili chombo kisipinduke, na roho yake huwa mkononi mwa nahodha aliyeshika usukani. Hawezi kufanya hivyo kwa mtu asiyemwamini. Naye nahodha akificha bei ya mnadani wakati wa kugawa fungu la chombo, la nyavu na la mabaharia, kesho yake ataona mikono imekuwa mizito katika kuvuta nyavu, na keshokutwa atakuta chombo hakina watu. Ndugu zetu wa dago watokao Pemba hulala ugenini miezi kadhaa, wakila sufuria moja. Wengi wao hujuana tangu kwao. Nadhani hiyo ni nusu ya ustadi wao, ingawa wenyewe watasema ni kuzijua nyota.

Twayasema haya kwa ajili ya chombo kingine. Baada ya kuanza mradi wa hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga mwaka 1994, wanavijiji na maofisa wa Serikali walianza kupanda boti moja kufanya doria dhidi ya wavuvi wa baruti, ambao mlipuko wao mmoja huvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Ofisa ana boti na sheria. Mwanakijiji ndiye ajuaye nani alitoka usiku, na alibeba nini. Lakini doria ikiisha ofisa hurudi mjini, na mwanakijiji hubaki jirani na yule aliyemtaja. Jina lake likivuja, hatasema tena. Wala jirani zake hawatasema, na boti itazunguka bahari tupu ikiteketeza petroli ya umma.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara zinazohusika: taarifa hizo zipokewe na ofisa mmoja ambaye wavuvi wanamjua kwa sura, asihamishwe kila mwaka, na jina la mtoa habari lisiandikwe katika daftari linaloachwa wazi juu ya meza.